Nani Kasema Napenda Viazi?

Saint-Blaise, Maine
9 Novemba 2015

Babu yangu,

Najua umekimbia baridi yetu tena na umefika Florida salama, kwa sababu Baba alimpigia jirani yako. Wewe mwenyewe ukipigiwa simu unasema "Eeh? Eeh?" halafu unakata. Basi nakuandikia, na usijifanye hujapata.

Huku mavuno yamekwisha, likizo ya viazi imekwisha, shule imefunguliwa na mimi nimechoka. Mavuno hayajanichosha. Kilichonichosha ni shule. Tafadhali nisikilize kwanza kabla hujaanza kufoka.

Unajua tangu shule yetu ibadilishwe hakuna tena darasa la watu wote. Kila mwanafunzi ana Mpango wake peke yake, umejengwa juu ya kitu anachokipenda, na anakwenda kwa mwendo wake. Wangu ni viazi. Huu ni mwaka wa tatu, Babu. Hisabati yangu ni mapipa ya viazi. Historia yangu ni njaa ya Ireland, kwa kuwa ilikuwa njaa ya viazi. Kwenye sanaa nilichonga mihuri, nadhani unajua nilichonga kwenye nini. Mwezi uliopita nikaomba nifundishwe kemia. Mwalimu mlezi wangu, Bwana Haskell (anataka tumwite Todd, mimi ulimi unakataa), akafurahi kweli: "Safi sana, Delphine! Tutaiingiza kwenye Mpango wako." Unajua alichoingiza? Nikaange krispi, nieleze zinavyobadilika rangi.

Nataka kuwa mfamasia. Duka la dawa la hapa limefungwa, watu wazima wanaendesha gari kwenye theluji mpaka mji wa pili kufuata vidonge vya presha. Chuo kinachofundisha kazi hiyo kinataka kemia ya kweli na hisabati ya juu, na asiye navyo hawamwangalii mara mbili. Nimebakiwa na mwaka huu na ujao tu. Wewe ulikuwa kwenye bodi ya shule walipopitisha haya mambo. Niambie nimwendee nani.

Mjukuu wako,
Delphine


Florida
20 Novemba

Delphine,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika.

Unalalamika kwamba watu wamekuuliza unapenda nini? Sisi tulipoingia shule hiyo hiyo hawakutuuliza hata majina. Mwalimu alinibandika "Ross" kwa kuwa Rosaire lilimshinda. Ukinong'ona Kifaransa uwanjani unarudishwa ndani, unaandika ubaoni "Sitasema Kifaransa shuleni" mpaka chaki inakwisha mkononi. Mdogo wangu Fernand hakujua neno la Kiingereza. Wakamkalisha nyuma kabisa, wakamwita mzito, akatoka pale hajui kusoma. Na alikuwa na akili kunishinda mimi! Basi walipokuja wale watu kwenye bodi wakasema sasa mtoto ndiye atakayekuwa katikati ya shule, mimi nilimwona Fernand. Mkono wangu ndio uliotangulia kunyooka, na sijuti.

Yule kijana wa Pelletier aliyekuwa akifukuzwa shule kila mara, si sasa anaunda injini za magari ya theluji? Baba yake alilia mbele yangu kwa furaha. Halafu wewe unaniletea habari za krispi.

Acha kudeka. Viazi vimekulisha tangu una meno mawili. Huyo Haskell nimemwandikia kumpongeza, na nimemwomba akukaze kidogo.

Babu yako,
Rosaire Ouellette


Shule ya Sekondari ya Saint-Blaise
3 Desemba

Mpendwa Rosaire,

Natumaini hutajali nikikuita hivyo. Barua yako imetutia moyo sana, nimewasomea walimu wenzangu wote.

Delphine ni fahari yetu. Mwaka wake wa kwanza tulikuwa tunawatembelea wanafunzi majumbani ili tuwajue walivyo, na mimi nilifika shambani kwenu katikati ya mavuno. Nilimkuta juu ya mashine ya kuvunia, anachambua mawe, matope mpaka kwenye nyusi, na anacheka hadi machozi yanamtoka. Nikajisemea, huyu mtoto amekwisha kujipata. Nikaanza kuandika Mpango wake siku hiyohiyo.

Kuhusu kumkaza, nakuelewa. Kweli ameulizia kemia. Darasa lenyewe tunalo, kwa njia ya video na chuo kikuu, lakini viti ni vichache na tumewawekea wanafunzi ambao njia yao inaelekea huko, kama vile kijana wa Daktari Whitcomb. Delphine ni mtoto wa kutumia mikono. Tukimtumbukiza kwenye nadharia tupu tutamvunja moyo, na kumvunja mtoto moyo ndicho kitu tulichoapa kutokifanya. Sisi tunaanza pale mtoto alipo.

Wako katika safari,
Todd Haskell


Florida
12 Desemba

Delphine,

Nimepata barua ya huyo Todd. Nimeitupa, nikaiokota, nikaisoma tena, nikaitupa tena.

Hebu niambie, kijana wa Whitcomb yeye alikutwa juu ya nini alipojipata? Alikutwa amekalia chupa ya maabara? Au baba yake alisema tu "huyu atakuwa daktari" na mazungumzo yakaishia hapo? Ebo! Wakienda kwa Whitcomb wanauliza mtoto atakuwa nani. Wakija kwa Ouellette wanatazama matope. "Mtoto wa kutumia mikono." Fernand naye walimwita hivyohivyo, tena kwa sauti ya upole kama hii hii. Tofauti ni kwamba enzi zetu walikuwa hawatabasamu.

Mimi niliwapigia kura watu hawa! Nilipiga meza kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa.

Nilikukaripia bure, mama. Futa yale maneno. Nimeiandikia bodi leo, na sikutumia lugha ya kanisani. Wewe nijibu kitu kimoja tu: siku ile alipokukuta kwenye mashine, ulikuwa unacheka nini?

Babu


Saint-Blaise
19 Desemba

Babu,

Nilikuwa namcheka kaka Luc! Alishuka kwenye trekta kwa maringo, amevaa mabuti mapya, anataka dada wa kina Michaud amwone, akazama kwenye matope mpaka kiunoni. Tulipomvuta, buti moja likabaki huko chini. Hata wewe ungecheka. Sikujua kama kuna mtu amesimama pembeni ananisoma moyo. Miaka mitatu ya shule, Babu, kwa ajili ya buti la Luc.

Kuna jambo sikukwambia. Tangu mwezi wa tisa sijafanya hata zoezi moja la Mpango. Nilitaka nione kama kuna atakayenigombeza. Hakuna. Katika shule yetu hakuna kufeli, hakuna kukosea, kuna "bado". Nikifungua kompyuta inaniandikia: "Bado kidogo, Delphine, unakua!" Nakua nini? Nimekaa tu.

Nilikwenda ofisini kuomba kiti cha kemia. Mama wa pale akaniambia viti ni vya wale ambao Mpango wao unavihitaji. Nikasema basi nibadilishieni Mpango. Akasema Mpango unabadilishwa kufuata ushahidi wa kile ninachokipenda. Nikamuuliza, na nitaupata wapi ushahidi kwamba napenda kemia kama sijafundishwa kemia? Akatabasamu, akanipa peremende. Babu, nilitamani kumrudishia ile peremende usoni.

Baba ukimtajia jambo hili anatoka kwenda kutazama ghala. Sijui ana nini. Mama anasema nimwache.

Siku ya Maonyesho ni mwezi wa tatu. Kila mmoja wetu anasimama mbele ya jopo na wazazi na mji mzima, anaeleza safari yake. Nifanye nini?

Delphine


Florida
4 Januari 2016

Delphine,

Bodi imenijibu. Barua ndefu, yote asali. Wanashukuru kwa "sauti yangu". Nimekaa miaka kumi na mbili kwenye viti vile, leo nimekuwa sauti.

Unauliza ufanye nini? Wamekuambia simama useme safari yako. Basi simama, iseme. Usitukane, usilie, na usile peremende ya mtu.

Babu


Saint-Blaise
18 Machi

Babu,

Nimesema.

Nilipanda jukwaani na slaidi moja tu, picha ya matope. Nikawasimulia habari za buti la Luc tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukumbi ukaangua kicheko, Bwana Haskell naye akacheka, hakuwa amejua. Wakamaliza kucheka, nikawaambia: "Mmeniuliza ninachokipenda kila wiki kwa miaka mitatu. Nani kati yenu ameniuliza nisichokijua? Maana sijui kemia. Sijui logarithimu. Kuna kitu kinaitwa moli, nimekiona kwenye sharti la chuo, sijui kama kinaliwa. Mimi si kiazi. Nifundisheni." Nikashuka.

Basi, Babu, wakasimama wote wakapiga makofi! Mama wa jopo anajifuta machozi. Bwana Haskell akanikumbatia, ananiambia anajivunia, ananiambia huku hasa ndiko walikotaka nifike. Nikapewa alama ya juu kuliko zote zilizowahi kutolewa, kwenye kipengele cha "Kujitetea". Nikamuuliza mwalimu mkuu palepale, "Kwa hiyo kesho nakaa kwenye kemia?" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Delphine, tumekusikia."

Jumatatu nikafungua kompyuta. Mpango umeongezwa sehemu mpya kwa heshima yangu. Inaitwa "Viazi na Haki ya Kusema". Natakiwa nirekodi sauti za wakulima wengine.

Nilienda kwenye choo cha wasichana nikapiga ukuta, mkono umevimba. Afadhali wangenizomea. Mtu anayekuzomea angalau amekataa, unajua pa kuanzia kugombana naye. Hawa unawapiga wanakushukuru!

Jioni nikamwambia Baba naacha shule. Akasema, "Kama unaacha, shamba lipo." Akasema haraka mno, kana kwamba lilikuwa limekaa kwenye ulimi likingoja. Mama akamtazama kwa jicho baya. Kuna kitu wananificha.

Delphine


Saint-Blaise
24 Machi

Baba,

Delphine ameniambia mnaandikiana, kwa hiyo heri uyasikie kwangu.

Ni mimi. Haskell alipokuja mwaka ule aliniuliza jikoni, huku anakula chapati za ploye za Mama Delphine kama hajala wiki nzima, kwamba huyu binti mnamwona wapi baadaye. Nikamwambia hapa. Mwaka jana akauliza tena kuhusu kemia, nikamwambia viazi vinamtosha. Sikumlazimisha mtu. Aliuliza, nikajibu.

Luc haji kushika shamba, Baba. Amekwishaniambia, anabaki jeshini. Mimi mgongo wangu unaujua. Ekari zile ni zako, na za baba yako kabla yako. Nikizeeka nani atapanda? Delphine anaijua ile mashine kuliko mimi. Akienda kwenye hivyo vyuo, hatarudi, hawarudi. Ulitaka nimpe Haskell jibu gani?

Usinifokee. Nimekwisha kufokewa na mke wangu.

Gilles


Florida
1 Aprili

Gilles,

Nitakufokea, mimi ndiye niliyekuzaa.

Ulimwona mtoto anapiga kichwa ukutani miaka mitatu, na mlango ulikuwa umeushikilia wewe! Halafu unatoka kwenda kutazama ghala. Ghala lina nini? Na yule Todd, mwenye shule ya mtoto kuwa katikati, anakaa jikoni anamuuliza baba, anakula, anafuta mdomo, anaondoka, na mtoto yuko nje kwenye matope hajaulizwa. Mmekaa wanaume wawili mkamgawa kama ng'ombe. Sikukuachia shamba ili uwapande humo watoto wako.

Naujua mgongo wako. Nalijua na hilo linalokuuma, maana liliniuma na mimi ulipotaka kwenda kwenye meli na nikakuzuia, na ukabaki, na hujawahi kunitazama sawasawa tangu siku ile. Unadhani sikuona? Shamba likikosa mtu litapata mpangaji. Wapo kina Michaud. Viazi havijui nani kavipanda.

Sasa sikiliza. Mama yake Delphine alizaliwa ng'ambo ya mto, mtoto ana haki ya kusoma Kanada. Dada yangu Léona anakaa hatua chache kutoka darajani, ana chumba. Kule bado wana shule za kizamani, madawati yamepangwa, mwalimu yuko mbele. Atarudia mwaka, na arudie. Mei nikirudi namvusha mwenyewe kwenda kumwandikisha. Ukitaka kunizuia, kaa darajani na hilo trekta lako.

Baba yako


Shule ya Sekondari ya Saint-Blaise
2 Novemba

Mpendwa Rosaire,

Nimemwandikia Gilles mara kadhaa na hajanijibu, kwa hiyo nakusumbua wewe huko Florida. Tulihuzunika Delphine alipochagua kuendeleza safari yake ng'ambo ya mto, ingawa tunauheshimu uchaguzi wake. Kwa kweli tunauona kama ushahidi kwamba njia yetu inafanya kazi: ni sisi tuliompa ujasiri wa kuchagua.

Tunaandaa kijitabu cha kueleza shule yetu kwa wilaya nyingine ambazo zingependa kujifunza kutoka kwetu. Tungependa jalada liwe picha niliyompiga siku ile ya mavuno juu ya mashine, akicheka. Tunaomba ridhaa ya familia.

Wako katika safari,
Todd


Florida
11 Novemba

Bwana Haskell,

Hapana.

Na kwa kuwa unapenda watu waeleze hisia zao, nitaeleza. Mlikuwa na binti anayewaambia kwa maneno, kwa Kiingereza safi, mchana kweupe, "nifundisheni kemia". Mkampigia makofi. Walimu wangu mimi walinichapa ili ninyamaze, nami nilijua wananichapa. Ninyi mmegundua namna ya kumnyamazisha mtoto huku anashangiliwa, na sasa mnataka kwenda kuwafundisha wengine. Mnaanza pale mtoto alipo, mnamwacha palepale, mnamwekea fremu.

Sisemi shule yote ni mbaya. Kijana wa Pelletier mmemwokoa, Mungu awalipe. Alitaka injini mkampa injini. Huyu wangu alitaka kemia. Mlishindwa nini?

Picha hiyo ichane. Nikiiona kwenye jalada, nitapanda ndege na uzee wangu huu, nije nisimame mbele ya jopo lenu, nijitetee.

Rosaire Ouellette


Clairvue, New Brunswick, Kanada
26 Novemba

Babu,

Bibi Léona anakusalimu, anasema ule mboga. Samahani kwa kukawia. Huku hawafungi shule kwa ajili ya mavuno, na mwezi wa kumi wote nilikuwa nikisikia mashine kutoka upande wa pili wa mto nikiwa darasani. Ilikuwa vigumu, nisikudanganye. Baba alivuna na kina Michaud. Jumapili moja alikuja, akakaa kwa Bibi Léona na kofia mapajani, akala. Alipoondoka nikakuta ameniachia mezani kikokotozi kipya, cha ghali, kile kinachochora grafu. Mama anasema alikwenda kukinunua peke yake, na hakujua hata kinaitwaje.

Mwalimu wa kemia anaitwa Thériault. Ni mzee, ana kikohozi, suruali imejaa chaki. Siku ya kwanza hakuniuliza napenda nini. Hakuniuliza natoka wapi. Alisema, "Ouellette, moli ni nini?" Nikasema sijui. Darasa zima wakacheka, mimi mkubwa kuliko wote. Akasema, "Basi kaa. Fungua ukurasa wa kwanza." Huku masomo ni kwa Kifaransa, na changu cha jikoni nacho wanakicheka, lakini nimekwisha kukutana na mambo mabaya kuliko kuchekwa.

Jana alirudisha mtihani. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Kalamu nyekundu kila mahali, Babu, karatasi kama imechinjiwa kuku. Nikakaa nikiitazama, nikaanza kulia, na msichana wa dawati la jirani akanishika bega akidhani nimeumia. Ningemwelezaje kwamba kule kwetu hakuna kukosea, kuna "bado" tu? Wenzangu walipotoka Mwalimu Thériault akavuta kiti, akakohoa, akaweka kidole kwenye swali la pili. "Hapa ulikuwa unawaza nini?" Nikamwambia. Akasema, "Hapana. Umekosea." Halafu akakaa pale, basi la mwisho likampita, mpaka nikaona mwenyewe ni wapi nilipokosea.

Wako,
Delphine